Darasa la mbwa la Jumamosi: pesa yako inanunua vurugu

Kumfundisha mbwa kukaa chini ni kazi ya jioni moja, hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Unashika kipande cha nyama, unakipitisha juu ya pua ukielekeza nyuma, kichwa kinapanda, makalio yanashuka, unampa, unarudia, basi. Sasa fungua geti utoke naye. Ipite boda imebeba magodoro, apite mtoto anasukuma tairi, na kwa jirani kuna mbwa anabweka nyuma ya mabati, halafu mwambie kaa. Hakuoni hata. Amri ni ile ile, mbwa ni yule yule na nyama iko mkononi, lakini wewe saa hiyo hauko.

Kwa hivyo watu huku Mamboleo, Kisumu, wakiniuliza mbona nilipe hela nikasimame uwanjani Jumamosi alfajiri na watu sijui hata majina yao, na video za kufundisha mbwa zimejaa kwa simu bure, mimi huwajibu kitu kimoja tu, kwamba mafunzo kweli yako kwa simu, lakini vurugu haiko. Kwa simu hakuna rotwila wa mtu mita kumi kutoka kwako anakutolea macho. Kwa kikundi iko, tena imepangwa, inaongezwa polepole, na ikizidi kuna mtu wa kusema rudini nyuma. Hicho ndicho nililipia na ningelipia tena.

Bruno, mbwa wangu, alitoka kwa shangazi yangu upande wa Siaya. Mamake ni kienyeji kabisa, babake inasemekana ni jamani shepadi wa mwalimu fulani, na ukiangalia masikio unaweza kukubali, ukiangalia mkia unaanza kuwa na maswali. Alikuja akiwa ameshakuwakuwa, si papi, yaani mtoto wa mbwa, wa kubebwa, na sisi tukamlea vile mbwa wengi wa huku hulelewa, mchana kwa kibanda, saa mbili usiku anafunguliwa, asubuhi anarudishwa. Anajua watu wa nyumba, anajua geti, anajua sufuria yake. Dunia yake imeishia hapo. Siku ya kumpeleka chanjo ndio unagundua unafuga nani, maana alivuta mnyororo hadi akaanza kukohoa, akamrukia mtu wa tuktuk, akakojoa kwa miguu ya daktari, na watu wote pale wanasema kwa heshima, eeh, huyu ni mkali.

Kocha hilo neno hakulipenda. Huyu kocha wetu ni mzee mstaafu aliyefanya kazi na mbwa wa serikali miaka mingi, mtu mwembamba, kofia moja kila siku, na kitu cha kwanza alituambia ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunaita ukali ni uoga uliovaa buti. Mbwa anaogopa, anabweka, kile kitu kinaondoka (kwa sababu boda ilikuwa inapita tu, ilikuwa iondoke hata angenyamaza), na yeye anajipigia makofi kwamba amekifukuza. Kesho anabweka mapema zaidi. Mwaka unaisha hivyo, na sisi tunaweka bango la mbwa kali.

Darasa la kwanza tulikatazwa kuja na mbwa. Nilikasirika kidogo, maana nimelipa, nimeamka, lakini baadaye nilielewa kwa nini. Tuliletewa kamba na kola tukafungana wenyewe kwa wenyewe, yaani mmoja anakuwa mbwa anashika mwisho wa kamba amefunga macho na mwingine anamtembeza. Mzee mmoja mnene, mtu wa heshima zake, alikuwa mbwa wangu, na nikavuta kamba kidogo tu akasema kwa sauti ya kuumia, "Mama, pole pole, mimi sijui tunaenda wapi." Hiyo sentensi bado inanijia nikiwa na Bruno barabarani. Siku hiyo hiyo tukakaguliwa kadi za chanjo, na asiyekuwa na kadi akaambiwa arudi akiwa nayo, hakuna kubembelezana.

Kuhusu kadi wacha niseme vizuri kwa sababu hapa watu huchezea. Kichaa cha mbwa, WHO wanasema karibu wagonjwa wote wa kibinadamu, asilimia 99, wameambukizwa na mbwa, na kikishaanza kuonyesha dalili hakuna daktari wa kukurudisha. Kenya ilianza mpango wa kukimaliza mwaka wa 2014, lengo likiwa 2030, na Kisumu na Siaya ni kati ya kaunti zilizochaguliwa kuanza nazo, kwa hivyo sisi watu wa huku hatuna kisingizio cha kusema hatujasikia. Mbwa anachanjwa akifikisha miezi mitatu, halafu kila mwaka. Na ukiumwa, hata na mbwa unayemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, si pilipili, si mafuta ya taa, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Kocha alikuwa anasema hivyo huku anatuangalia mmoja mmoja mpaka unaitikia.

Ile nyingine ya kuogopa ni pavo, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua papi, na hii ndio huleta ugomvi kwa wenye papi. Virusi vya pavo vinaweza kukaa kwa udongo miezi na miezi, kwa hivyo daktari anakwambia usimtoe mtoto nje hadi amalize chanjo zote. Lakini pia kuna kile kipindi cha utoto, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi, ambacho watafiti wa Marekani, Scott na Fuller, walikionyesha katika kazi waliyochapisha 1965, kwamba mbwa akiona watu na vitu na sauti wakati huo anavihesabu kuwa vya kawaida, akikosa, baadaye kila kitu kipya ni jini. Sasa ukingoja chanjo ziishe, kipindi kimepita. Madaktari wa tabia za wanyama wa Marekani walitoa msimamo wao 2008, kwamba papi anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 au 8 hivi, mradi amepata angalau chanjo ya kwanza siku 7 kabla na amepewa dawa ya minyoo, na pahali pawe pasafi. Kwetu papi walikuwa na kona yao, wanatandikiwa turubai lililooshwa na maji ya Jik, na hakuna mbwa mkubwa anakanyaga hapo. Bruno alikuwa ameshapita hicho kipindi zamani. Si kwamba haiwezekani tena, ila unapanda mlima badala ya kushuka.

Tulianza na mbwa saba. Majina ya watu sikuyajua mpaka leo, maana pale unaitwa kwa mbwa wako. Kulikuwa na Mama Snowy, mama wa makamo na spitzi mweupe anayembeba kama mkoba. Kulikuwa na Baba Simba, ni yule mzee mnene, na Simba wake mwenye usingizi mwingi. Baba Rex ni kijana tu, hana hata mke, lakini alikuwa na rotwila kwa hivyo akaitwa Baba Rex na alipenda. Kulikuwa na mvulana wa sekondari na mbwa koko aliyemuokota mwenyewe karibu na soko la Kibuye, kamba ya katani, hana hata kola, na nitarudi kwa huyo. Mimi nikawa Mama Bruno. Binti yangu wa kwanza alipokuja kunichukua akasikia naitwa hivyo, alininunia mpaka jioni, ati yeye ndiye alizaliwa mbele.

Saa kumi na mbili unusu mko uwanjani, kwa sababu Kisumu ukichelewa jua linakuamulia. Mbwa hana jasho la kumsaidia kama sisi, zaidi anapoa kwa kuhema, na wale wa pua fupi hata hiyo kuhema hawaiwezi vizuri. Kocha alikuwa anaweka nyuma ya mkono wake kwa lami nje ya uwanja, akishindwa kuuacha hapo sekunde saba anasema twendeni nyumbani, na wewe uko na viatu. Saa mbili na kitu tumemaliza.

Zawadi za mbwa kocha aliziita kitu kidogo. "Mbwa wa Kenya ni Mkenya," alikuwa akisema, "hafanyi kazi bila kitu kidogo, tofauti ni kwamba huyu ukimpa anafanya." Wengine tulikuja na mkate, wengine vipande vya ugali, na yeye akauliza, huyu mbwa anakula nini nyumbani kila siku? Ugali. Sasa atakutolea jasho la nini kwa ugali? Mshahara wa uwanjani lazima uwe mtamu kuliko wa nyumbani. Tulijaribu maini yaliyochemshwa na kukaushwa, tukajaribu matumbo, lakini kwa mbwa zetu za huku hakuna kilichoshinda omena. Omena kavu, ile ya kuanikwa, si ile umekaanga na kitunguu kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa hata kikiwa kidogo kinaharibu damu kikizoeleka. Unaivunja kichwa na mkia, ndogo, mbwa anameza bila kutafuna na anarudisha macho kwako. Mfuko wa koti langu la Jumamosi mpaka sasa hakuna mtu anaweza kuuazima. Na unapunguza chakula cha jioni, la sivyo baada ya mwezi unafundisha pipa.

Sasa kuna hii kitu ya wakati, na hapa ndipo kikundi kilinisaidia kabla hata ya vurugu, kwa kuangalia wengine. Ukijiangalia mwenyewe huoni. Baba Simba anamwambia Simba kaa. Simba anakaa. Mzee anaanza kutafuta maini mfukoni, mfuko wa kushoto hapana, wa kulia, leso inatoka, Simba amechoka amesimama, mzee anafurahi amepata, anampa. Sote tuliona, mzee amemlipa mbwa kwa kusimama! Alifanya hivyo asubuhi nzima na Simba akawa anakaa na kusimama kwa sekunde moja, akingoja malipo ya kusimama, na ni mwerevu kabisa huyo mbwa. Ndio kocha akatoa kalamu za kubonyeza, zile za dukani, akampa kila mtu moja. Makalio yakigusa chini unabonyeza, tik, halafu unaweza kutafuta chakula kwa raha zako, kwa sababu mbwa ameshajua tik maana yake kitu kinakuja. Ni mambo ya Pavlov, yule Mrusi aliyezoesha mbwa kudondosha mate wakisikia kengele, na aliyepewa Nobel 1904, ingawa zawadi yenyewe alipewa kwa kazi ya usagaji wa chakula tumboni na si kwa kengele na mate vile watu hudhani. Kuna vidude maalum vya plastiki vya kufanya hivyo, vinauzwa mtandaoni, kalamu inafanya kazi ile ile na ukichoka unaandika nayo.

Nyumbani pia ikabidi tukae kikao, maana kumbe mimi nasema kaa, watoto wanasema sit, na mama mkwe akija anasema bed piny kwa Kijaluo, na Bruno anatuangalia tu anangoja tukubaliane. Tulichagua kaa. Mama mkwe hajaitambua kura hiyo.

Vurugu yenyewe ilikuja kwa ngazi. Mwanzoni ni mbwa saba tu mbali mbali, kila mmoja na nafasi yake iliyowekwa mawe, na kazi ni moja, mbwa akikuangalia tik, omena. Hakuna kusalimiana. Mama Snowy alitaka sana Snowy apate marafiki, kocha akamwambia, "Mama, hapa si harusi, mbwa anajifunza kwamba mbwa mwingine akiwa hapo yeye hana kazi naye." Hiyo inaonekana kavu lakini ndiyo ilimtuliza Bruno kuliko kitu chochote, kuona mbwa wengine na hakuna kinachotokea. Halafu tukaanza kupishana, si uso kwa uso, kwa sababu mbwa kuja moja kwa moja ukimtolea macho ni matusi kwao, mnazunguka kama upinde, wenye mbwa katikati, mbwa nje. Halafu kocha akamlipa kijana wa boda azunguke uwanja na hon. Halafu watoto na mpira. Mtu na mwavuli. Mtu amebeba kabati kichwani, na huyo hakukodiwa, alikuwa anapita tu akaombwa arudie na akarudia mara tatu anacheka.

Halafu akaja kuku.

Kuku wa kienyeji, jike, mwekundu, chini ya tenga katikati ya uwanja. Wengi wetu mbwa zetu zimeshatuletea kesi za kuku kwa majirani kwa hivyo kulikuwa kimya. Kocha akanipanga mimi kwanza, mbali kabisa, kando ya goli. Bruno alimwona. Mdomo uliokuwa wazi ukafunga, masikio mbele, mkia ukapanda ukakauka. Nikambonyezea aliponiangalia, akachukua omena vizuri, kwa midomo. "Hatua mbili," kocha akasema. Tukasogea. Akachukua omena lakini sasa kwa meno, nilisikia vidole. "Mbili tena." Tukasogea, nikampa omena, akaishika, akaiachilia ikaanguka kwa nyasi, macho kwa tenga, na hakujua kama imeanguka. Mbwa anayekula omena usingizini! Kocha akaja na kisigino akachora mstari kwa vumbi pale tulipokuwa. "Hapa hawezi kula. Mbwa hawezi kula, hawezi kujifunza, na wewe ukipiga kelele hapa unapigia ukuta. Rudi mpaka aweze." Tulirudi hatua kama nne, akaanza kula, tukafanya kazi hapo. Jumamosi iliyofuata mstari ulisogea. Kuku mwenyewe alikuwa anadonoa tu chini ya tenga, hana habari.

Kama kuna kitu kimoja nimekibeba kutoka lile darasa ni huo mstari. Sasa hivi nikitoka na Bruno na nikaona ng'ombe au wale mbwa wa kwa mwenye mabati, siangalii kama anabweka, naangalia anachukuaje omena. Kwa midomo, tuko sawa. Kwa meno, tunakaribia. Akikataa, tunageuka hapo hapo, hata kama watu wanatuangalia na najua wanasema huyu mama ameogopa.

Baba Simba ndiye aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo. "Sasa Kocha, mkimzoesha watu hivi, mwizi akija si atamkaribisha na chai?" Tukacheka lakini tulitaka jibu, kwa sababu tusidanganyane, huku mbwa wengi wamewekwa kwa sababu ya wezi. Kocha akamuuliza, mzee, Simba akibweka usiku wewe unaamka? Mzee akafikiria. Hapana. Kwa nini? Kwa sababu anabweka usiku wote. "Basi huna mlinzi, uko na redio." Mbwa asiyeogopa boda wala majani wala paka atabweka kwa sababu, na hapo ndipo unaamka, na anayeruka ukuta saa nane usiku hafanani hata kidogo na mgeni aliyekaribishwa mchana, mbwa anajua hiyo tofauti bila kufundishwa. Sijui kama Baba Simba aliridhika. Mimi niliridhika kwa sababu Bruno sasa akibweka usiku mume wangu anavaa viatu.

Niseme na hii ya kunguruma. Baba Rex alikuwa na tabia ya kumchapa Rex kibao cha pua akinguruma, kwa sababu rotwila anayenguruma anaaibisha. Kocha, ambaye mwenyewe alifundishwa kazi enzi za minyororo ya kukaba shingo na haoni haya kusema alishaitumia sana na hataki kuiona tena, alimsimamisha. Kunguruma ni mbwa kuomba nafasi kwa adabu. Ukimchapa mpaka aache kunguruma hujaondoa kile kinamsumbua, umeondoa kengele tu, na siku moja atauma kimya kimya na watu watasema aliuma bila onyo. Kabla ya kunguruma kuna mengine madogo ambayo mbwa husema na hatusomi, kupiga miayo na hana usingizi, kulamba midomo na hakuna chakula, kugeuza kichwa, weupe wa jicho kuonekana pembeni. Na mkia kutingishika si lazima awe anafurahi, mkia ulio juu, mgumu, unatikisika kidogo kidogo, huyo usimguse. Tulikuwa tunapewa dakika tano tunakaa tu kwa nyasi tunaangalia mbwa wa mwingine na kusema tunachoona. Watoto wangu niliwafundisha hiyo wiki hiyo hiyo, kwa sababu wanaoumwa mara nyingi ni watoto, na mara nyingi ni na mbwa wa nyumbani ambaye alikuwa amesema na hajasikizwa.

Jirani yangu yeye alifuata njia nyingine, alimpeleka mbwa kwa jamaa mmoja anayekaa nao mwezi mzima kisha anakurudishia ameiva. Alirudi ameiva kweli, kwa yule jamaa. Nyumbani ukiinua mkono kuchukua kikombe mbwa anajikunyata chini ya meza, na jirani hawezi kuuliza kilifanyika nini kwa sababu hakuwepo. Sisemi wote wanaochukua mbwa ni hivyo. Nasema mimi napenda kuwepo.

Yule mvulana na mbwa wake wa kamba ya katani, huyo ndiye alituaibisha sote. Hakuwa amelipa kamili, nadhani kocha alimwachia. Mbwa mwenyewe kachafu, mbavu, sikio moja limekatika. Lakini huyo mbwa alikuwa amelelewa sokoni katikati ya mikokoteni na kuku na makelele, hakuna vurugu kocha angeleta ambayo yeye hajalala kando yake. Siku ya boda na hon sisi wengine tunavutwa huku na huku, yeye amelala mguuni mwa kijana anajikuna. Kitu kilichomshinda kilikuwa mkono. Ukinyoosha mkono kumpapasa kichwa analala chini kabisa na kukojoa. Yaani kila mbwa alikuwa na mstari wake pahali tofauti, wa Bruno ulikuwa kwa kuku, wa Rex kwa mbwa wengine wa kiume, wa huyu kwa mkono wa binadamu. Walifanya kazi hiyo pole pole, mkono chini, mkono kwa kidevu na si juu ya kichwa, tik, omena, na Mama Snowy ndiye aliyejitolea awe mtu wa mkono kila wiki, Snowy amewekwa chini kwa mara ya kwanza, na kumbe Snowy anajua kutembea.

Kikundi si cha kila mbwa. Jike aliye kwa joto abaki nyumbani, atavunja darasa lote. Anayekohoa au kuhara abaki. Na mbwa ambaye ameshauma mtu ukaona damu, huyo anza na mtu mmoja pembeni, usimlete katikati ya wengine saba ukidhani atazoea, kumjaza mbwa na kile anachoogopa hadi anyamaze si kuzoea, amekata tamaa tu na itatoka siku nyingine. Baba Rex alihamishwa akawa anakuja saa moja baada yetu, wiki kadhaa, kisha akarudishwa mbali kando ya uwanja. Pia radi, usitarajie darasa likusaidie na radi. Huku kwetu mvua ya jioni ikija na radi Bruno bado anaingia nyuma ya choo na kutetemeka, na hiyo nafanya nyumbani, namwachia chumba cha ndani kisicho na dirisha, namweka sauti ya mvua kwa simu chini kabisa siku za jua na omena, na wakati wa radi yenyewe nakaa naye, maana ile ya kusema ukimbembeleza utamzidishia uoga kocha aliikataa kabisa.

Darasa liliisha na kocha akaenda kuanza lingine upande wa Riat, na sisi watatu wa huku Mamboleo, mimi na Baba Simba na yule mvulana, tukaona tuendelee wenyewe Jumapili jioni jua likishuka. Hakuna ngumu. Mnahitaji uwanja ambao si njia ya mifugo, mbwa wamechanjwa, mawe ya kuwekea nafasi, mtu mmoja ambaye hana mbwa siku hiyo wa kuangalia na kusema rudi nyuma, na mnaweka vurugu moja kwa wiki, si tatu. Saa moja inatosha, mbwa wakichoka wanaanza kukosea na mnafundisha makosa. Kuku tunamkodi kwa mama wa kibanda cha mboga. Juzi ametupandishia bei, ati tangu huyo kuku aanze kazi ya ualimu hajataga hata yai moja, na Baba Simba yuko kwa mazungumzo naye mpaka sasa.